Mstari wa Kijani au Mwanamke Anayelia: uanze kusoma sura ipi?

Mtu akiniuliza aanze na picha gani ili ajifunze kusoma sura za kisasa, zile ambazo uso umechorwa bila kujali kufanana na uso, huwa namwekea mbili mezani. Ya kwanza ni ya Henri Matisse, ya mwaka 1905, inayojulikana kama Mstari wa Kijani. Ni sura ya mkewe, Amélie. Ya pili ni Mwanamke Anayelia ya Pablo Picasso, ya Oktoba 1937, iliyotokana na sura ya mpigapicha Dora Maar. Zimepishana miaka 32. Kila moja ina mwanamke mmoja tu, kichwa na mabega, na zote zina kijani usoni. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake, na ndiyo maana nazilaza pamoja.

Jibu langu fupi ni hili: anza na Matisse kama unataka kujua rangi inafanya kazi gani katika picha. Anza na Picasso kama linalokutatiza ni umbo, yaani kwa nini jicho liko pale lilipo na pua imeelekea kule ilikoelekea. Na kama ukutani kwako kuna nafasi ya picha moja tu, chukua Matisse. Picasso si mchoraji mdogo kuliko mwenzake. Ni kwamba picha ile inadai kitu kutoka kwa wanaoishi nayo, na nitafika huko.

Jaribio la dakika moja

Kabla ya maelezo yoyote, zipige picha hizi mbili kwa simu, kisha ziondoe rangi zibaki nyeusi na nyeupe.

Mwanamke wa Picasso anaendelea kulia. Meno yapo, leso ipo, vidole vimekakamaa vilevile. Umepoteza kitu, lakini kilio hujakipoteza. Picasso mwenyewe alishalionyesha hilo: Julai ya mwaka huohuo alichora mwanamke anayelia kwenye bamba la kuchapia, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, na kilio kikasikika. Na Guernica, ile picha kubwa ya upana unaokaribia mita 8 iliyowazaa wanawake wote hawa wanaolia, imechorwa kwa nyeusi, nyeupe na kijivu.

Mfanyie Amélie vivyo hivyo, picha inanyamaza. Anabaki mwanamke mtulivu, nywele amezifunga fundo utosini, nyusi nzito, anakutazama. Ule mstari uliokushtua unageuka kivuli cha kawaida kinachoshuka katikati ya uso. Ukirudisha rangi, uso unaamka.

Kwa hiyo umeshajua, bila kusoma kitabu chochote, nani kabeba mzigo wapi. Kwa Matisse mzigo umebebwa na rangi, kwa Picasso umebebwa na umbo. Jaribio hili hulifanya kwa kila sura ngeni ninayokutana nayo, hata za wachoraji wa leo, kabla sijasoma jina la picha.

Amélie: rangi iliyoachiwa kazi ya mwanga

Wachoraji wa Ulaya waliomtangulia Matisse walikuwa na desturi moja ya kuchora uso. Mwanga unatoka upande mmoja, shavu moja linang'aa, jingine linaingia kwenye giza, na giza hilo hupakwa rangi ya kahawia au kijivu. Matisse aliuacha mgawanyo huo kama ulivyo, uso wenye pande mbili, lakini akabadilisha vitu vya kuugawa. Badala ya shavu jeupe na shavu la giza, ametupa shavu la njano iliyopauka na shavu la waridi: upande wa baridi na upande wa joto. Na mpaka kati yao, pale ambapo mchoraji mwingine angeweka kivuli cha pua, ameshusha mstari mnene wa kijani kuanzia kwenye paji la uso, kupitia puani, hadi kidevuni.

Nyuma yake nako hakuna chumba. Hakuna kiti, hakuna pazia. Upande mmoja ni kijani kitupu, upande wa pili ni zambarau na rangi ya chungwa iliyokolea. Angalia rangi zinavyokabiliana: shavu la waridi limepakana na kijani cha nyuma, na kijani hicho kimeingia ndani ya uso kupitia ule mstari. Uso na ukuta vinagawana rangi.

Je, kijani kwenye ngozi ni ubabaishaji tu? Jaribu hili. Chukua kitambaa chekundu, kikazie macho kwa sekunde 30 bila kupepesa, kisha tazama ukuta mweupe. Utaona doa la rangi inayokaribia kijani likielea. Jicho likichoshwa na nyekundu hujizalishia rangi iliyo upande wa pili wa duara la rangi. Wachoraji walikuwa wanalijua jambo hili miongo mingi kabla ya Matisse. Yeye alichofanya ni kuuchukua ule mwangwi wa jicho na kuupaka waziwazi, kwa brashi inayoonekana, palipostahili kivuli. Mtu mwenye ngozi iliyojaa wekundu akikaa penye mwanga mkali, kivuli chake huelekea kijani kuliko tunavyodhani. Matisse amekikuza tu.

Alifika huko baada ya kiangazi cha 1905 alichokaa Collioure, mji mdogo wa bahari kusini mwa Ufaransa, akichora pamoja na André Derain. Msimu wa vuli walipeleka kazi zao kwenye maonyesho ya Salon d'Automne jijini Paris, na mhakiki Louis Vauxcelles akawaita wanyama wakali, *fauves*, jina lililowaganda mpaka leo. Picha ya Matisse iliyozua kelele kubwa pale ilikuwa nyingine ya Amélie huyuhuyu, Mwanamke Mwenye Kofia, ambayo Leo Stein na dada yake Gertrude waliinunua kwa faranga 500. Husimuliwa kwamba Matisse alipoulizwa mkewe alikuwa amevaa gauni la rangi gani siku ile, alijibu kwamba ni jeusi, bila shaka. Amélie alikuwa fundi wa kofia na aliwahi kuwa na duka lake, na nikiitazama ile kofia iliyosheheni kila rangi huwa nawaza kwamba ni picha ya kazi ya mikono yake sawasawa na ilivyo picha ya uso wake.

Kuna jambo moja watu hulikosa. Matisse hakutaka uso ukunje ndita ili ueleze hisia. Mwaka 1908 aliandika kwamba anachokitafuta zaidi ni uelezaji, na kwamba kwake uelezaji hauko kwenye hamasa inayolipuka usoni mwa mtu. Uko kwenye mpango mzima wa picha, mahali palipojaa na palipoachwa wazi. Kwa hiyo ukitafuta hasira au huzuni machoni mwa Amélie utachoka bure. Macho yake hayasemi mengi. Hisia iko kwenye ugomvi na suluhu ya kijani, waridi na zambarau, na namna fundo la nywele lenye weusi wa bluu linavyouzuia ugomvi huo usifumuke.

Anayelia: umbo lililovunjwa kwa makusudi

Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Kijerumani na Kiitalia zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Picasso alikuwa Paris, na alikuwa ameombwa picha kubwa kwa ajili ya banda la Hispania kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka huo. Dora Maar ndiye aliyepiga picha hatua kwa hatua wakati Guernica inachorwa. Nalitaja hili kwa sababu naona vibaya Dora anapomalizwa kwa neno “mpenzi wa Picasso”. Alikuwa mpigapicha mwenye jina lake na mtu mwenye msimamo wa kisiasa. Sura yake imebeba kilio cha wengine, kwa hiyo ukisoma picha hii kama habari za mwanamke mmoja anayependa kulia, umeisoma robo.

Sasa isogelee. Usianze na rangi. Anza na pembe. Weka kidole kwenye ukingo wa kofia na ufuate mistari ukishuka. Juu, kidole kinateleza: kofia ina mviringo, nywele zinashuka kwa mkunjo laini. Ukifika kwenye mashavu kinaanza kukwama. Ukifika mdomoni hakiendi tena. Leso, meno, vidole na kucha vimekatwakatwa kama vipande vya kioo kilichoanguka, na hujui leso inaishia wapi na vidole vinaanzia wapi. Pua imechorwa kwa upande, lakini macho yote mawili yanakutazama wewe. Unamwona akigeuka na akikukabili kwa wakati mmoja, kama unavyomwona mtu aliyefiwa asiyeweza kutulia mahali.

Rangi nazo zimegawanywa kufuata umbo hilo. Pale penye vipande, katikati ya uso, rangi zimekauka ghafla: nyeupe, bluu ya baridi, mistari myeusi. Nje ya hapo zinashangilia: kofia nyekundu yenye ua la bluu, ukuta wa njano na chungwa, mashavu ya njano na kijani. Nilikaa na picha hii muda mrefu kabla hilo halijanifikia. Mwanamke huyu alivaa kutoka. Habari ilimkuta amependeza.

Kijani kilekile, kazi mbili

Hapa ndipo kulinganisha kunapolipa, na ningependa msomaji akae hapa kuliko kwingine.

Mtandaoni kumejaa orodha za maana za rangi: nyekundu ni hasira, bluu ni huzuni, kijani ni matumaini, njano ni wivu. Ukizichukua orodha hizo mbele ya picha hizi mbili zitakupoteza. Kijani cha Amélie hakina ugonjwa wala matumaini. Kimepakana na waridi, kimepewa umbo la mstari ulionyooka katikati ya uso, na kazi yake ni kivuli. Kwa hiyo unakisoma kama mwanga uliogota hapo na kugeuka. Kijani cha mwanamke wa Picasso kimepakana na njano, kimepewa umbo la kipande chenye ncha kwenye shavu, na juu yake kuna mistari myeusi. Kwa hiyo unakisoma kama nyama iliyovilia damu. Rangi ni ileile. Jirani zake na umbo lililoishika ndivyo vimebadili habari.

Ndiyo maana swali “rangi hii ina maana gani?” nimeliacha. Nauliza mawili: imekaa na nani, na imezungushiwa nini? Swali la pili nalo linatofautisha picha hizi. Kwa Picasso karibu kila rangi ina uzio wa mstari mweusi, imefungiwa ndani yake kama kwenye dirisha la vioo vya rangi. Kwa Matisse mara nyingi hakuna uzio. Rangi mbili zinakutana, na ukingo wa shavu ni pale tu ambapo waridi imekoma na kijani kimeanza. Ukitaka kuchora mwenyewe, hili ni la kuamua kabla hujafungua kopo la rangi, kwa sababu ukiweka uzio mweusi kisha ukataka rangi zipigane, hazitaweza kufikiana.

Kuhusu vinyago

Mtu aliyekua akiona vinyago vya Kimakonde hapati tabu na jicho lililohamishwa mahali pake. Na Picasso hakuifikia hatua hii peke yake. Mwaka 1906 Matisse alinunua Paris sanamu ndogo ya watu wa kabila la Wavili kutoka Kongo na kumwonyesha Picasso. Mwaka uliofuata Picasso aliingia kwenye makumbusho ya Trocadéro na kukuta vinyago vya Afrika. Walichokiona ni kwamba uso unaweza kuwa na nguvu bila kufanana na mtu yeyote. Mafundi waliovichonga vitu vile majina yao hayakuandikwa, maana vilifika Ulaya kwa njia za ukoloni. Linaniuma kila ninapoona paneli ya maelezo inayosema tu “kuathiriwa na sanaa ya Kiafrika”, kana kwamba sanaa hiyo ilijichonga.

Basi uchague ipi?

Kwa kufundishia watoto, Matisse, bila kusita. Wape karatasi, wachore uso wa rafiki, wagawe katikati, upande mmoja rangi za joto na mwingine za baridi, na kivuli wasikipake cheusi wala cha kahawia. Ndani ya saa moja wanaelewa ambacho mtu mzima hubishana nacho mwezi mzima. Picasso muachie mtoto mkubwa kidogo, aliyekwisha jifunza kuchora uso ulio sawa, kwa sababu kuvunja uso bila kujua umeshikwa na nini huzaa fujo tu.

Kwa mtu anayetaka kuchora msiba, vita, kufukuzwa, chochote kilichopasua watu, Picasso ndiye mwalimu. Jifunze kwake wapi pa kuvunja: ameharibu sehemu moja, na sehemu nyingine ameziacha zikiwa nzuri ili uharibifu uonekane. Wengi wanaomwiga huvunja uso wote kuanzia utosini, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayeguswa.

Kwa ukutani, Matisse ana faida nyingine ya kawaida kabisa. Picha yake halisi, iliyoko makumbusho ya taifa ya sanaa ya Denmark jijini Copenhagen, ni ya sentimita 40.5 kwa 32.5 tu. Karatasi ya A3 inakaribia kabisa ukubwa huo, kwa hiyo nakala yako itakuwa na kipimo kinachokaribia kile alichokishika yeye. Ya Picasso, iliyoko makumbusho ya Tate jijini London, ina sentimita 60.8 kwa 50, kubwa kidogo kuliko A2. Ukiichapa kwenye A4 vile vipande vya mdomoni vinabanana na kuwa kama mchoro wa katuni.

Lakini Matisse anataka uangalifu kwenye uchapaji. Picha zake zilizoko mtandaoni hazilingani. Nyingine zimepakwa umanjano, nyingine zimekolezwa mno. Nakala yangu ya kwanza niliichapisha kwenye duka moja la karibu bila kuiangalia kwanza, kijani kikatoka kama kaki ya sare na waridi ikawa kahawia. Picha yote ilikufa, kwa sababu kilichokuwa kikiibeba ni umbali kati ya rangi mbili, na umbali huo ulipotea. Chukua faili kutoka tovuti ya makumbusho yenyewe, omba kipande kidogo cha majaribio, na ukitazame nje kwenye mwanga wa mchana. Picasso huvumilia uchapaji mbaya. Mistari yake inamlinda.

Angalizo kwa anayeagiza ya Picasso: wanawake wanaolia wa Oktoba 1937 ni zaidi ya mmoja. Nyumba ya sanaa ya jimbo la Victoria huko Melbourne, Australia, ina mwingine, wa tarehe 18, ndiyo ile iliyoibwa mwaka 1986 na kukutwa baadaye kwenye kabati la kuhifadhia mizigo katika stesheni ya treni. Wa London ni wa tarehe 26. Ukitaka yule mwenye kofia nyekundu, taja Tate.

Na kama zote mbili zimekuzidi, moja kwa upole wake na nyingine kwa kelele, mtafute mchoraji Alexej von Jawlensky. Kati ya 1934 na 1937, mikono ikiwa imekakamazwa na baridi yabisi, alichora mamia ya nyuso ndogo alizoziita tafakuri: mstari wa pua, mstari wa macho yaliyofumba, mdomo, rangi nzito zinazong'aa katikati yake. Uso umebaki msalaba tu, na bado ni uso. Siyo pa kuanzia, lakini ni pazuri pa kufikia.

Nakala zangu mbili nilizitundika sebuleni, moja upande wa dirisha, nyingine mbele ya meza ya chakula. Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kitambaa chochote hukitoa kwanza mlangoni akione juani ndipo akikate. Alipokuja alisimama mbele ya Amélie, akagusa kioo kwa kidole, upande mmoja wa uso, kisha mwingine. “Huyu kakaa dirishani,” akasema. “Huku mwanga unamfikia, huku haufiki vizuri.” Sikuwa nimemwambia neno lolote.

Kisha akageuka kwa yule mwingine, akanyamaza. “Nani kafa, mwanangu?”

Nikamweleza habari za Guernica, mji uliopigwa mabomu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kula akiwa ameipa picha mgongo, na alipomaliza akaniambia, “Mtoe hapo, mwanangu. Mtu analia hivi, sisi tunakula.”

Jioni ile nilimhamishia ukumbini, karibu na mlango wa kutokea. Amélie yuko palepale.